Siku Nilipopunguza Bei ya Fanfare

Kabla hujaanza kucheka, ngoja nikupe habari yote, maana hapa mtaani kwetu Kikula wengi wananicheka kwa nusu ya habari, na mimi sipendi mtu achukue nusu ya mali yangu halafu aende akijisifu kwamba amenunua. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule mama wa samaki aliyeonekana siku ya wanawake akikimbiza beseni mbele ya wakubwa wa mji, kitambaa cha kichwa kimehamia shingoni, pagne, yaani kitenge cha kiunoni, imeshikwa kwa mkono mmoja isije ikaniaga. Waliokuwepo walinipiga picha, wasiokuwepo wakatumiwa. Ningeweza kukana, ila picha ni nyingi mno.

Sokoni naitwa Mama Guylain. Nauza samaki wa ziwa Tshangalele, wabichi na wa kukaushwa, kwenye meza ya mlangoni kabisa, pale ambapo mteja akiingia lazima macho yake yanifikie mimi kabla ya kumfikia mwingine yeyote. Meza hiyo sikurithi wala sikupewa. Niliipata kwa kuamka mapema kuliko wenzangu miaka na miaka, mpaka wakachoka kushindana na usingizi wao. Ndiyo inayolisha nyumba yangu. Anayeuza mlangoni anauza samaki, anayeuza nyuma karibu na mfereji anauza maelezo.

Sasa, kuhusu muziki. Mimi napenda rap. Nimesema. Ni mama wa watoto wanne, mkubwa ameshaota ndevu, niko kwenye umoja wa akina mama parokiani, na napenda rap. Ugonjwa huu niliupata kwenye gari linalotupeleka ziwani kuchukua samaki, kwa sababu dereva wetu hakuwa na kitu kingine cha kupiga humo ndani. Mwanzoni nilikuwa nasali ili redio yake ife. Halafu asubuhi moja nikamsikiliza vizuri yule kijana wa kwenye redio, nikashtuka: huyu haimbi, huyu anauza! Anakuita, anakusifia mali, anakuzuia usiondoke, anamtukana muuzaji wa jirani bila kumtaja jina, na yote hayo bila kukosa pumzi. Hiyo ni kazi yangu ya kila siku, mwenzangu kaiweka kwenye ngoma tu.

Lakini sinunui kila kitu, elewa. Wale wanaojisifia magari nawauliza: liko wapi hilo gari, tulione? Wale wanaopitisha sauti kwenye mashine mpaka inatoka kama bata aliyefungiwa ndani ya pipa, hao nawarudisha kwa mwenye mali. Rap isiyo na hoja ni kama samaki wa kichwa kikubwa, ukimpika unakuta miiba na mchuzi. Mimi nataka mtu mwenye neno, mwenye pumzi, na mwenye kujua anaanguka wapi na ngoma.

Aliyekuwa hataki kusikia habari hizo ni Mama Véro. Meza yake iko nyuma, kule kwenye mfereji niliokutajia, na kanisani yeye ndiye anayeongoza kwaya. Mikono yake ikipanda, hata mapadri wanakaa sawa. Siku moja alinikuta nasikiliza rap huku nakwangua magamba, akasimama mikono kiunoni, akaanza kwa Kiswahili chetu cha sokoni, ambacho minye ni mimi, njo ni ndiyo, na yaya ni dada mkubwa.

"Mama Guylain, ile makelele haiko muziki. Muziki iko na sauti ine: soprano, alto, ténor, basse. Ile yako iko na muntu moja anagombana na ukuta."

"Anagombana, mais anaushinda," nikamwambia.

"Anaimba wapi? Anasema tu! Kusema, minye nayo nasemaka. Sasa niko mwanamuziki?"

"Weye unasemaka bila kupumua, yaya. Njo maana bateja banakukimbia."

Wenzetu walicheka. Mama Véro hakucheka. Alilikunja neno lile akaliweka, kama mtu anayeweka ngozi ya samaki akijua paka atapita.

Paka akapita mwezi wa tatu ulipokaribia. Kila chama cha wanawake kinapita mbele ya jukwaa la wakubwa siku ya wanawake: walimu, wauguzi, wauza makala, yaani mkaa, wauza mboga, na sisi wa samaki, wote kwa pagne za kufanana. Mama Véro alikuwa ametunga wimbo wa sauti nne, mzuri, sikatai, na wimbo ule ulitaka fanfare, yaani bendi ya matarumbeta ya wazee wa mtaa wa Panda. Nani aende kupatana nao bei? Wote wakanigeukia mimi. Mama Véro akavuta mdomo.

"Yeye mwenye masikio ya rap, njo atatuletea muziki?"

"Nitaleta," nikasema. "Na muji itaisema."

"Na ukituletea haya, aibu ya muji muzima?"

"Nikileta haya, chukua meza yangu."

Naapa sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama mbegu ya limau inavyotoka kidoleni. Hata wa upande wa mboga waligeuka. Mama Véro alitazama meza yangu, akatazama mlango, nikaona kabisa anapanga mahali pa kuweka mizani yake.

"Na ikiwa muzuri," nikamalizia, maana sikubali kamwe mkataba wa upande mmoja, "utasimama hapa mbele ya mabeseni yote, utasema kwa kinywa yako: rap iko muziki."

Akacheka kama mtu aliyeambiwa alipe deni kwa majani. Tukapeana mikono.

Kesho yake nikaenda Panda kwa Papa Anaclet, mkubwa wa fanfare. Ni mzee mrefu, mkavu, anaishi kwenye moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi, na sebuleni kwake tuba, lile bomba kubwa la shaba la sauti nzito, imekaa kwenye kiti chake yenyewe kama mgeni aliyekataa chai. Tulizungumza bei. Akapanda, nikashuka, akashuka kidogo, nikapanda kidogo, tukakutana mahali pa haki, kila mmoja akiwa na huzuni ya kiasi kinachofaa. Tuliagana. Nikafika mlangoni.

Hapo mlangoni ndipo niliponunua aibu yangu. Sijui ni mazoea, sijui ni shetani wa biashara, nikageuka nikiwa tayari na mguu mmoja nje, nikasema: "Papa, punguza tena kidogo. Fikiria bamama." Nia haikuwa mbaya, kilichobaki nilitaka kuwanunulia wenzangu soda baada ya gwaride.

Papa Anaclet akanitazama, halafu akaitazama tuba yake.

"Mama, unajua kitu uko unapunguza?"

"Punguza tu, Papa."

"Bon," akasema. "Iko sawa."

Mimi mfanyabiashara, mimi ninayejua kwamba muuzaji anayekubali bila kupumua kwa huzuni ameficha kitu mkononi, nikaondoka nikiimba.

Siku ikafika. Asubuhi jua lilikuwa safi, pagne zetu mpya bado zina harufu ya duka, kila mama na beseni lake limesuguliwa mpaka unaweza kujipaka wanja ndani yake. Mama Véro anapita mstari hadi mstari akiwapa watu noti zao, "weye mi, weye sol, banyuma munafunga kinywa mpaka tarumbeta iseme." Na hapo nikamwona Papa Anaclet anakuja, kofia ya dhahabu kichwani, tuba imemzunguka kama chatu aliyeshiba. Nyuma yake mzee mwenye ngoma kubwa. Nyuma yake mzee mwenye ngoma ndogo. Nyuma yake barabara.

Nikahesabu. Nikahesabu tena, kwa maana huenda kuna mtu mwembamba niliyemruka.

"Papa Anaclet, bengine bako wapi?"

"Bako kwabo Panda. Banakunywa chai."

"Papa! Si tulipatana fanfare?"

"Tulipatana bei ya fanfare. Kiisha, kwa mulango, weye ukapunguza. Nikakuuliza, unajua kitu uko unapunguza? Ukasema punguza tu." Akagonga tuba yake kwa kidole. "Nimepunguza tarumbeta."

Ningefanya nini? Nyuma yetu wauza makala walikuwa na baffles mbili, yaani spika kubwa, juu ya mkokoteni na jenereta inanguruma, wanatusukuma tusogee. Mbele, walimu walishaanza kutembea. Na Mama Véro huyo anakuja mbio.

"Tarumbeta iko wapi?"

Na mimi (hapa ndipo ungenikanyaga mguu, kama ungekuwa rafiki) nikasema: "Bako mbele, karibu na jukwaa. Banatungojea pale."

"Ah, vile njo muzuri!" akasema Mama Véro, akageuka akawatangazia wote kwamba hakuna kufungua kinywa mpaka tufike kwenye matarumbeta.

Kwa hiyo tukapita mji mzima kimya. Wanawake wa samaki, wanaosikika toka sokoni mpaka stesheni, tunatembea kama tunazika. Dum, dum, ta. Dum, dum, ta. Tuba inasema buu, halafu inafikiri, halafu inasema buu tena. Watoto walituuliza nani amekufa. Mimi nilijua anayekaribia kufa, na alikuwa ndani ya pagne yangu.

Tukafika jukwaani. Mwenye kutangaza alikuwa kijana wa suti na maikrofoni, anasoma karatasini kwa furaha: "Na sasa, bamama ba samaki ba Kikula, pamoja na fanfare yao kamili!" Akainua macho. "Kamili..." Akashusha macho kwenye karatasi, akayainua tena. "Bengine labda bangali chini ya maji."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Véro alikuwa ameshainua mikono yote miwili upande wa kulia, kuyaita matarumbeta, na upande wa kulia palikuwa na mti wa umeme. Akageukia kushoto. Kushoto palikuwa na askari mmoja anayekula karanga. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile, hata na mama mkwe. Halafu, kwa uchungu, akaanza wimbo mwenyewe bila kupewa noti, na akauanzia juu sana, kule ambako hata ndege wanapita wawili wawili. Soprano wakamfuata wakakatika. Alto wakakataa kwenda. Wale wa nyuma, ambao hawakujua ngoma inataka nini, wengine walitembea haraka wengine polepole, na mwenzangu wa nyuma akanikanyaga pagne.

Beseni likanitoka kichwani. Lilianguka kwa ukingo, likaita kama kengele ya misa, halafu likaanza kubingirika, taratibu, kwa heshima, moja kwa moja kwenye jukwaa la wakubwa. Nililikimbiza. (Hizo ndizo picha ulizoziona.) Likazunguka mara ya mwisho, likalala miguuni pa yule kijana wa suti.

Nikainama kulichukua. Nilipoinuka, maikrofoni ilikuwa kinywani pangu.

"Mama," akasema, na mji mzima unasikia, "fanfare iko wapi?"

Nilichoona wakati ule hakikuwa wakubwa wala umati. Niliona meza yangu, na mizani ya Mama Véro juu yake. Na nyuma yangu nikasikia kitu ambacho kilikuwa hakijanyamaza muda wote ule: wale wazee watatu. Dum, dum, ta. Buu. Hawakuwa na wimbo, lakini waliendelea kukanyaga mahali pamoja, bila haraka, kwa uzito, kama gari letu la ziwani linavyopiga kabla yule kijana wa kwenye redio hajaanza kuuza. Nikaelewa nilichonunua. Na mteja akikuuliza mali iko wapi, huombi msamaha. Unauza.

"Unauliza fanfare? Papa, njo hii uko unaona!
Tarumbeta iko Panda, inakunywa chai, inapona!
Natoka Tshangalele, jua yenyewe haiyatoka,
gari inakwama matope, tunasukuma, nani anachoka?
Nafika nayo Kikula, unaigusa, unaigeuza,
bei unaiuliza, na kesho tena unaiuliza!
Bakubwa ba kwa kivuli, musikie neno moja:
samaki haitembeake yenyewe, kuko mama anaingoja!"

Kicheko kilikatika. Nikasikia ngoma ndogo imeniona, imeanza kunijibu. Papa Anaclet alishusha tuba chini zaidi, mashavu yamejaa kama maboga. Nikawageukia wenzangu nikapiga kelele ile tunayopigiana sokoni mteja akiwa msumbufu: "Bei?"

Wakajibu kabla hawajafikiri, maana neno hilo liko tumboni mwao: "Haipunguke!"

"Bei?"

"Haipunguke!"

Papa Anaclet aliposikia hivyo alicheka ndani ya tuba, na tuba ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Mabeseni yakashuka vichwani, yakaanza kupigwa. Mstari ulioharibika ukajipanga wenyewe, kila mguu umejua pa kuanguka. Na mimi, kwa kulewa, nikafanya kosa jingine: nikamwona jukwaani mama mmoja mwenye miwani mikubwa, mteja wangu, nikamuuza mbele ya watu wote: "Na mama wa miwani, anakujaka kila siku, anainusa samaki yangu, kiisha anarudia kwake na beseni tupu!" Mji ukapiga mayowe. Yule mama alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba. (Sikujua kwamba ni mke wa mkubwa mmoja. Sasa najua. Siku hizi anamtuma mtu, na mtu huyo ananunua bila kuuliza bei.)

Tulipomaliza kupita, wauza makala walikuwa wamezima jenereta yao wasikilize. Yule kijana wa suti aliomba turudi tupite tena, na tukapita tena. Walimu, wenye pagne zao nyeupe, walijibu "Haipunguke!" kwa sauti ya darasa zima.

Lakini mkataba ni mkataba. Kesho yake sokoni hakuna aliyeuza kitu, wote walisimama kuona meza inakwenda kwa nani. Mama Véro alifika na mizani yake kwapani.

"Ulileta haya," akasema. "Nilipungia mkono muti ya umeme mbele ya bantu bote!"

"Ulidanganywa, yaya, na minye njo nilikudanganya. Ile nitakuomba samahani, leo leo. Mais ile iko kesi ya uongo. Hii iko kesi ya muziki."

"Muziki gani? Tarumbeta haikukuwa, sauti ine haikukuwa!"

Papa Anaclet alikuwa amekuja kuchukua kitoweo, basi wakamvuta katikati aamue. Mzee alivua kofia, akaikagua ndani kama kwamba jibu liko humo.

"Minye niko na tuba toka ningali kijana," akasema. "Tunapita, bantu banashangilia tarumbeta. Tunamaliza, banapongeza tarumbeta. Hata bibi yangu ananiulizaka, leo mulipiga, ao ulibeba tu? Jana, mama, jana bantu banasikia minye. Sasa munataka niseme haikukuwa muziki? Minye siko mujinga."

Mama Véro aliitazama meza yangu, kama mtu anayeaga gari lililokwisha kuondoka. Halafu akaanza kupatana, kwa sababu hata yeye ni mtu wa soko.

"Bon. Ilikuwa kelele yenye kupangwa."

"Ongeza," nikamwambia.

"Masemo ya muzuri, na ngoma."

"Ongeza, yaya."

"Kamuziki kadogo."

"Minye siuzishake vidogo."

Wenzetu walishaanza kugonga mabeseni. Mama Véro akafumba macho, akapandisha mikono kama anavyoipandisha kanisani, ili angalau jambo lifanyike vizuri, akasema kwa sauti ya altare: "Rap iko muziki!"

"Sema tena."

"Juu ya nini? Si umesikia!"

"Minye nahesabuka mara mbili."

Akasema tena, na mara ya pili alikuwa anacheka. Mizani yake aliirudisha kwapani, akaenda nayo kwake nyuma, na mimi nikabaki mlangoni nikiwa na meza yangu, na jina jipya, Haipunguke, ambalo hata padri analitumia sasa akinisalimu, na video zangu kwenye simu za watu ambao sitawafahamu kamwe.

Kwa hiyo nimeapa, na wewe uwe shahidi: mimi Mama Guylain nitapunguziwa bei ya chumvi, ya barafu, ya usafiri, ya kitenge, lakini mwanamuziki sitamwomba apunguze tena, hata akitaja bei ya kunitoa machozi. Mwanamuziki hapotezi kitu ukimkata, anakukata na wewe. Kiapo hicho kilijaribiwa mapema. Akina mama walitaka tupite tena kwenye sikukuu ya parokia, vile vile, na wazee wale wale watatu, bila tarumbeta. Nikaenda Panda kuuliza bei. Papa Anaclet akaniambia tuba na ngoma mbili peke yake sasa ni ghali kuliko fanfare nzima.

Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Nikalipa.